SOMO: Kunakili diski ya kompyuta kwenda diski ya nje bila kupoteza faili

Wakuu, swali hili naulizwa kila mara, na mara nyingi mwulizaji anakuja faili zikiwa zimeshapotea. Naliandika hapa ili nisirudie tena. Maelezo ni ya Windows. Wenye Mac mna Time Machine, itumieni.

1. Pata diski ya nje yenye nafasi kuzidi faili zako.

2. Ichomeke, uangalie imepewa herufi gani. Hapa chini nachukulia ni E.

3. Kagua fomati, yaani mpangilio ambao diski inautumia kuhifadhi faili (bofya diski kwa kitufe cha kulia, chagua Properties). Ikiwa ni FAT32, faili ya GB 4 au zaidi haitaingia hata kama nafasi ni tele. Tumia NTFS, au exFAT kama utaandikia pia kutoka Mac. Kuformati kunafuta vyote vilivyomo.

4. Kama kompyuta imefungwa kwa BitLocker (kinga ya Windows inayofunga diski kwa msimbo), andika ule ufunguo wa kuifungulia (recovery key) wa tarakimu 48 kwenye karatasi.

5. Funga programu zote, hasa ya barua pepe. Kisha fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) uandike amri hii ya Robocopy, programu ya kunakili iliyomo ndani ya Windows:

robocopy "C:\Users\Jina" "E:\Nakala" /E /XJ /R:1 /W:1 /LOG:E:\ripoti.txt

Weka jina lako la mtumiaji palipoandikwa Jina. /E inabeba folda zote za ndani. /XJ inazuia isizunguke kwenye folda za mfumo zinazoelekezana. Usiache /R na /W: bila hizo, faili ikikwama itajaribiwa mara milioni moja, na kila jaribio linasubiri sekunde 30. Utadhani kompyuta imeganda.

Sasa tulieni hapa. Mtaona amri za watu zenye /MIR. Hiyo hainakili tu, inalazimisha kule uendako kufanana na kule utokako. Kisichopo kwenye chanzo KINAFUTWA upande wa pili, wala hakipiti kwenye pipa la taka. Ukitanguliza E tupu kisha C, umesafisha folda yako mwenyewe kwa mkono wako. Ukilazimika kuitumia, ongeza /L kwanza: itaorodhesha inachokusudia kufanya bila kugusa kitu. Mistari yenye neno EXTRA ndiyo itakayofutwa. Soma yote ndipo uondoe /L.

6. Fungua ripoti, angalia safu ya FAILED. Halafu chomeka diski kwenye kompyuta nyingine ufungue faili kadhaa. Video icheze mpaka mwisho. Nakala ambayo hujaifungua usiitegemee.

7. Toa diski kwa utaratibu, ichomoe, iweke mbali na kompyuta. Ikikaa imechomekwa, kirusi cha kufunga faili kitaifunga nayo.

MASWALI

– Mkuu, sijasoma yote. Naweka /MIR au siweki?
– Soma hatua ya 5.

– Mimi nilikata na kubandika, kompyuta ikapata nafasi. Niko salama, sivyo?
– Hapana. Umehamisha, hujanakili. Faili zako ziko sehemu moja tu, tena kwenye diski inayoweza kudondoka. Tafuta ya pili leo.

– Faili zangu zinajisawazisha kwenye wingu. Diski ya nje bado ina kazi?
– Swali zuri sana. Ukifuta faili hapa, usawazishaji unaifuta na kule. Huduma nyingi hutunza vilivyofutwa, lakini kwa muda tu. Bora nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya nyumba; wingu lihesabu kama hiyo ya nje. Na kabla ya kunakili, hakikisha faili zimeshushwa kweli. Zenye alama ya wingu pembeni bado hazimo kwenye diski yako.

– Diski yangu ya zamani inagonga "tak tak". Nianze na Robocopy?
– Zima sasa hivi, usiiwashe tena kujaribu. Kama vilivyomo havina mbadala, mpe fundi wa kuokoa data.

– Nyongeza kwa wenye SSD za nje (diski za chipu, zisizozunguka): msiziache kabatini miaka bila umeme, chaji inavuja na data inaweza kuharibika. Ya kuweka muda mrefu, mimi natumia diski ya kuzunguka.
– Sahihi kabisa mkuu. Hata hiyo ya kuzunguka, iwashe mara mojamoja ufungue faili.