Kutoa rangi iliyojificha ndani ya soseji

Nyama haiachii rangi kirahisi. Nililijua hilo kwa aibu: nikiwa mgeni maabara, niliosha soseji kwa maji ya moto, maji yakatoka safi, nikaandika "hakuna". Mkuu wangu akayakung'uta makapi ya mrija juu ya karatasi nyeupe. Mekundu kama kucha zilizopakwa.

Saga sampuli yote ilainike, pima gramu 5, ondoa mafuta kwa heksani, kimiminika kinachoyeyusha mafuta, mara mbili. Heksani hiyo usiimwage! Ikitoka nyekundu huenda ni paprika tu, kiungo cha pilipili nyekundu, au ni Sudan, rangi ya viwandani inayojificha kwenye mafuta na isiyostahili kuwa ndani ya chakula. Ipime peke yake.

Makapi yakikauka, yatie ethanoli sehemu 7, myeyusho wa amonia 2, maji 1. Tikisa, zungusha kwenye sentrifuji, kinga maji ya juu, rudia mpaka makapi yapauke. Ponceau 4R (E124) na Allura Red (E129), rangi nyekundu za kiwandani za chakula, zina chaji hasi, na penye asidi protini huzing'ang'ania. Amonia ndiyo inayozibandua.

Kausha ethanoli na amonia juu ya maji ya moto, ndani ya kabati la kufyonza mvuke, mbali na moto. Ongeza maji na asidi asetiki kidogo, tumbukiza uzi mweupe wa sufu usio na mafuta, uchemke dakika 10. Ukishika rangi, tulia kwanza. Hata bitiruti huacha doa. Uvue rangi kwa amonia ya moto, utoe, fukuza amonia, tia asidi na uzi mpya. Rangi ya kiwandani hushika tena. Za asili nyingi hushindwa. Uwaridi wa naitraiti, chumvi ya kuhifadhi nyama, si rangi iliyotiwa, usikupotoshe.

Jina na kiasi utavipata kwenye HPLC, mashine inayotenganisha kemikali ndani ya safu na kuzipima zikitoka. Urefu wa wimbi pekee hautoshi, maana Ponceau 4R na Allura Red zote hufyonza mwanga karibu na nanomita 505. Linganisha pia muda wa rangi kutoka kwenye mashine na ule wa sampuli safi za rangi zenyewe.

Katika kila kundi la sampuli, chukua nyama isiyo na rangi, itie kiasi cha rangi unachokijua, uipitishe njia hiyohiyo uone kinachorudi. Na mimi mpaka leo, kabla ya kuandika "hakuna", huyakung'uta makapi juu ya karatasi nyeupe.