Mafaili kwenye kompyuta: yape jina siku hiyohiyo

Wiki ambayo ajira zimetangazwa, pita steshenari yoyote hapa Mwanza, iwe mjini au kule Malimbe karibu na chuo kikuu cha SAUT, utamkuta mtu kaleta flashi anataka kuprinti cheti na anafungua moja moja, Scan0001, Scan0002, IMG nini sijui, foleni nyuma imejaa na cheti hakionekani. Kipo humohumo, shida ni jina tu.

Kwa hiyo tuanzie kwenye jina. Ukishaskani kitu, palepale kichague, bonyeza F2, andika jina utakalolikumbuka ukiwa na haraka: cheti-cha-kuzaliwa, leseni-ya-biashara-2024. Hapa nasisitiza kabisa, maana wengi wanasema aah ntasachi tu. Sachi ya Windows inaweza kusoma maneno ndani ya faili la Word, sawa, lakini karatasi iliyoskaniwa mara nyingi ni picha tupu, sachi haioni neno lolote mle ndani, inabaki kutegemea jina uliloandika wewe.

Tarehe weka mwaka kwanza, mwezi, halafu siku, hivi: 2024-03-09. Ukianza na siku, tarehe 01 ya Desemba itakaa juu ya tarehe 09 ya Machi na mpangilio wote unavurugika. Kama unauza dagaa pale Mwaloni Kirumba na unatunza risiti za mizigo, ziite risiti-2024-03-09, ukidaiwa hesabu na watu wa kodi, TRA, zimeshajipanga zenyewe.

Folda usizidishe. Binafsi, Shule, Biashara, Picha, inatosha kwa watu wengi, na ndani yake usichimbe tena folda sita kwenda chini. Watafiti Ofer Bergman na Steve Whittaker wamelifuatilia hili jambo, wakaona watu wengi hata wakiwa na sachi nzuri bado wanapenda kupita folda kwa folda, sasa kama ndo tabia yetu bora njia yenyewe iwe fupi.

Kuna wanaosema desktopu isiwe na kitu kabisa, mi sikubaliani. Kazi ya wiki hii iache pale uione kila ukiwasha, ikiisha ndo uihamishe. Folda ya daunlodi ndo ya kufagia mara kwa mara, ipange kwa tarehe, chukua cha maana, vingine futa.

Umesahau jina? Bonyeza Windows na E, ingia kwenye folda unayoihisi, kwenye kisanduku cha kusachi andika *.pdf, zitakuja PDF zote za humo.

Halafu flashi isiwe sehemu pekee ya kutunzia, inapotea na virusi vinaingia, weka kopi pengine. Na ukiskani kitambulisho chako cha NIDA steshenari, kopi inabaki kwenye kompyuta yao, mwombe dada au kaka wa pale aifute ukiwa unaona, na pipa la taka la kompyuta alisafishe pia.