Namna ya kupima kama matabibu wa wodi moja husikia kifua kwa namna moja

Tabibu akiandika kwenye faili kwamba mgonjwa ana mluzi kifuani, na mwenzake wa zamu inayofuata akaandika kwamba kifua ni safi, huenda hali ya mgonjwa imebadilika, lakini huenda pia ni masikio yasiyokubaliana. Tatizo hili ni kongwe karibu sawa na stetoskopu, ambayo René Laennec aliibuni mjini Paris mwaka 1816.

Anzeni na majina, kwani naamini ugomvi mwingi huzaliwa hapo. Mluzi ni sauti ndefu yenye mlio, ambayo husikika zaidi mgonjwa anapotoa pumzi. Mipasuko ni sauti fupi zinazokatika-katika, na ile laini hufanana na nywele zinazosuguliwa kati ya vidole karibu na sikio. Kila mmoja ajaribu kwa nywele zake kabla ya kuingia wodini.

Kisha matabibu wawili wawasikilize wagonjwa walewale, tuseme 50, kila mmoja peke yake, bila kuachana muda mrefu, na kila mmoja ajaze fomu yake kwa ndiyo au hapana bila kuona ya mwenzake. Mgonjwa akohoe kwanza mbele ya kila tabibu, maana kohozi likisogea sauti hubadilika, halafu avute pumzi ndefu kwa mdomo ulio wazi. Stetoskopu iguse ngozi, kwa sababu shati, na hata vinyweleo vya kifuani, hutoa mchakacho unaodhaniwa kuwa mipasuko.

Tuchukulie kwamba wote wawili wamesikia mipasuko kwa wagonjwa 10 na wote wameikosa kwa 30, ilhali wa kwanza peke yake ameisikia kwa 6 na wa pili peke yake kwa 4. Makubaliano ni 0.80, nayo yanapendeza kuliko yanavyostahili, kwa kuwa hata wangejibu kwa kubahatisha, kwa uwiano uleule wa ndiyo na hapana, wangekubaliana kwa takriban 0.58. Kipimo cha kappa, alichokitoa Jacob Cohen mwaka 1960, huondoa bahati hiyo: 0.80 toa 0.58, gawanya kwa 1 toa 0.58, jibu ni kama 0.52, ambapo 1 ni makubaliano kamili na 0 ni bahati tupu.

Wale 10 waliowatenganisha msiwasubirishe hadi hesabu ikamilike. Linganisheni fomu kila jioni, mrudi kitandani pamoja, na mwandike kama mlitofautiana kwa sikio au kwa jina.