Riale na rupia zenye rangi: kununua na kuuza mezani Lamu

Mwongozo huu ni wa sarafu za kale za fedha zilizoshika rangi kwa kukaa miaka mingi.

1. Sheria kwanza. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inahesabu kama kitu cha kale kila kinachohamishika, isipokuwa vitabu na hati, kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895. Kukifanyia biashara kunataka leseni, kukitoa nchini kunataka kibali. Rupia ya Mombasa ya 1888 imo humo, na riale ya Maria Theresa (sarafu kubwa ya fedha ya Austria) iliyolala kashani tangu enzi hizo pia. Mwaka ulioandikwa kwenye riale haukusaidii: zote ni 1780, hata zilizopigwa Vienna juzi. Asiye na leseni aanze na shilingi za Afrika Mashariki za 1921 hadi 1946. Fedha yake ni asilimia 25 tu, kwa hiyo rangi zake zimepooza, lakini hazikuletei matata.

2. Pima. Mizani ya sonara inatosha. Riale ni gramu 28.07, rupia 11.66. Kagua ukingoni: riale nyingi zilitobolewa au kuchomelewa sikio ziwe kidani. Tundu lililozibwa huonekana kama duara ambalo utandu wake haufanani na wa jirani.

3. Soma rangi. Hapa ndipo pesa hupotea. Rangi ni utandu wa salfaidi (fedha iliyoungana na salfa) juu ya fedha, na kadiri unavyonenepa rangi hufuatana: manjano hafifu, dhahabu, zambarau, buluu iliyokoza, buluu ya mbingu, kisha duru ya pili, manjano tena, waridi, kijani. Kijani safi haiji duru ya kwanza. Ukiiona imepakana na fedha nyeupe, bila hatua za katikati, rudisha sarafu.

Shika ukingoni, iinamishe polepole chini ya taa, tumia lenzi ya mara 10. Rangi iliyokuja yenyewe, kwa miaka ndani ya bahasha au kasha, mara nyingi huanzia ukingoni kuelekea kati, na huacha mstari mwembamba uliopauka kuzunguka herufi. Ya kulazimishwa (yai la kuchemsha ndani ya kopo lililofungwa hufanya kazi hiyo) hutapakaa tu, herufi na uwanja (sehemu tupu ya sarafu) sawasawa. Mistari myembamba sambamba chini ya rangi inasema sarafu ilisuguliwa kwanza. Ndimu na majivu vimeua riale nyingi.

4. Jaribu kwa asetoni safi, si ile ya kucha yenye manukato, na kwa ruhusa ya mwenyewe. Itumbukize nusu dakika, usisugue. Utandu wa kweli haubanduki. Rangi ya kupaka na vanishi hutoka.

5. Bei. Anza na madini: riale ina takriban gramu 23.4 za fedha tupu, rupia 10.7. Ongeza hali ya sarafu, rangi iwe ya mwisho. Kahawia na nyeusi haziongezi kitu, na muuzaji akikuambia "upinde wa mvua" mtake aitoe kwenye taa yake, mkaitazame barazani kivulini.

6. Kuuza. Usiing'arishe. Usiifunge kwa gazeti, wala plastiki laini yenye harufu, ambayo hutoa ute wa kijani unaokula fedha. Hewa ya bahari ina chumvi na unyevu: weka pakiti ya silika jeli, inayonyonya unyevu, na uibadilishe ikishalowa. Mpe mnunuzi kitambaa laini chini ya mikono yake, sarafu ikianguka iangukie hapo. Iachie baada ya ujumbe wa M-Pesa kuingia kwenye simu yako, si ule anaokuonyesha kwenye yake.