Kubadilisha gari yadi za Mwanza: jadili nyongeza, siyo bei

Kosa la kwanza hufanyika getini. Mteja anaingia yadi na Toyota IST yake ya zamani, na kabla hajafungua mlango muuzaji ameshasoma namba, ameshaziona tairi, ameshapiga hesabu ya faida pande zote mbili. Siku ya kwanza acha gari nyumbani. Panda daladala au bajaji, ingia kama mtu mwenye hela taslimu, na ukiulizwa kama una gari la kubadilisha, jibu kwamba kwanza unataka bei ya hili.

Kubadilisha gari la zamani kwa jipya na kuongeza hela juu ni biashara mbili zilizofungwa kwenye karatasi moja: unanunua la kwao, unauza la kwako. Yadi ikizijua zote mbili tangu mwanzo, itakulegezea huku na kukubana kule. Tuseme gari limetangazwa 27,000,000. Ukilipa taslimu wangekubali 25,000,000. IST yako mtaani inatoka kwa 9,500,000. Muuzaji wa kwanza anakwambia: "Bosi, hili nakufanyia 25, la kwako nalichukua 7 na nusu." Nyongeza yako ni 17,500,000. Muuzaji wa pili ni mcheshi zaidi: "La kwako zuri, nakupa 9 na nusu kamili. Ila hili bei yake ni 27, maana ukibadilisha hakuna punguzo." Nyongeza ni 17,500,000 ileile, lakini wa pili utatoka kwake ukitabasamu. Kwa hiyo ukishapata bei ya taslimu, namba ya kubishania ni moja tu: unatoa shilingi ngapi mkononi ili uondoke na funguo.

Neno "jipya" hapa tunalitumia kama linavyotumika mtaani, yaani gari ambalo halijawahi kupewa namba ya Tanzania, hata kama limetembea Japani miaka kumi. Ukinunua kilomita sifuri kwa wakala wa kampuni, hesabu ya nyongeza haibadiliki. Mawakala hao huwa wagumu kushusha bei, hivyo kwao omba sevisi za bure na vifaa.

Gari la yadi limewagharimu kiasi gani

Muuzaji atakuapia kwamba hapati hata laki. Unaweza kumkadiria. Tafuta gari la aina hiyo, mwaka huo na ukubwa huo wa injini kwenye tovuti za wauzaji wa Japani, uchukue bei inayojumuisha meli na bima hadi Dar es Salaam. Kisha fungua kikotoo cha magari yaliyotumika cha TRA. Zingatia kwamba TRA ina thamani yake ya makadirio kwa kila gari na haifuati risiti ya mnunuzi peke yake, kwa hiyo bei ya Japani na thamani ya TRA zinaweza kupishana.

Ukitaka kuelewa kodi inavyopanda, fanya hesabu moja kwa mkono. Gari la cc 1,500 lililozidi miaka 10, thamani ya 10,000,000. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, sawa na 2,500,000. Juu ya 12,500,000 inayopatikana, kuna ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa injini iliyo kati ya cc 1,000 na 2,000 (625,000), na tozo ya uchakavu asilimia 30 (3,750,000). Jumla inafika 16,875,000, hapo VAT ya asilimia 18 inaongeza 3,037,500. Kodi zote ni 9,912,500, karibu sawa na gari lenyewe, bado tozo ndogondogo na ada ya usajili. Gari hilohilo likiwa na miaka kati ya 8 na 10, uchakavu ni asilimia 15 na kodi zote hizi zinashuka hadi 7,700,000. Ndiyo maana magari mawili yanayofanana kwa macho, moja likiwa limezidi lingine mwaka mmoja tu, yanaweza kupishana kodi kwa zaidi ya milioni mbili. Muulize muuzaji mwaka wa kutengenezwa, kisha uhakikishe kwa namba ya chesisi. Viwango hubadilika na bajeti kila Julai, kwa hiyo uamuzi ufanye kwa kikotoo, siyo kwa mfano huu.

Ongeza gharama za bandari, wakala wa forodha na safari. Dar hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100. Kwa gari linalokwenda kilomita 14 kwa lita, ni kama lita 80. Zidisha kwa bei elekezi ya mafuta ya EWURA ya mwezi huo, weka posho ya dereva. Hapo utaona kwamba ile "gharama ya kulifikisha huku Kanda ya Ziwa", ambayo hutajwa kama mlima, haifiki hata milioni. Ukijumlisha yote unapata sakafu. Yadi haitauza chini ya hapo, na kuwaomba hivyo ni kupoteza muda wa pande mbili. Juu ya sakafu ndipo maongezi yalipo.

Gari lako lina thamani gani

Bei za matangazo ya tovuti ya Jiji na Instagramu ni bei za kuombea, siyo za kuuzia. Tafuta matangazo matano hadi sita ya gari kama lako na uangalie yaliyokaa zaidi ya mwezi: hizo bei zimekataliwa. Kisha peleka gari kwa yadi mbili au madalali wawili, uwaulize wanatoa kiasi gani leo kwa hela ya mkononi. Dalali ataweka cha juu chake, kwa hiyo dau lake litakuwa chini. Lichukue kama sakafu yako wewe.

Mtaani gari hupangiwa bei kwa herufi za namba kabla ya kilomita. Namba D za mwanzo na namba D za mwisho hazilingani, na namba E ina bei yake. Ni upuuzi kidogo, maana namba inaonyesha gari lilisajiliwa lini, siyo lilitengenezwa lini wala lilitunzwa vipi. Lakini ndivyo soko linavyosoma. Kama namba yako ni ya zamani na gari ni zima, ushahidi wako uwe kwenye karatasi: risiti za sevisi zenye tarehe na kilomita.

Kabla ya kulipeleka, tumia hela pale tu zinaporudi. Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, ipimishe kwa mashine na uirekebishe, kwa sababu mnunuzi hukata gharama ya tatizo kubwa analoliogopa, wala siyo ya sensa (kihisi) ndogo iliyoharibika. Badilisha taa zilizoungua. Kama linagonga kwenye matuta, tengeneza miguu: bushi na boljointi ni hela ndogo ukilinganisha na mlio wake. Osha ndani vizuri. Usipige rangi upya. Rangi mpya inamfanya mnunuzi atoe sumaku aanze kutafuta puti iliyozibia mabonyeo. Usinunue tairi mpya, hutalipwa hata nusu yake.

Kuna kasoro moja ya kwetu ambayo yadi za hapa huitafuta kwanza, hasa kwenye Probox, Succeed na Noah. Inua zulia la buti, toa tairi ya akiba, pitisha kidole kwenye kishimo inapokaa. Gari lililobeba samaki wa barafu au kayabo (samaki wa kukausha kwa chumvi) kutoka soko la samaki la Mwaloni Kirumba litakuwa na kutu pale, kwa sababu maji ya barafu hujikusanya chini na kayabo huongezea chumvi. Harufu ya dagaa nayo hujificha kwenye sponji za viti, ikirudi mchana gari likipigwa jua. Kama limefanya kazi hiyo, toa zulia lote, lisugue, likauke siku mbili nje ya gari. Pulizo la manukato humwambia mnunuzi kwamba kuna kitu kinafichwa.

Kagua la kwao kabla ya kutaja dau

Dau ukishalitaja, kasoro utakayoiona baadaye hutalipwa. Omba vitu viwili: karatasi ya mnada na cheti cha kusafirisha gari kutoka Japani. Kwenye karatasi ya mnada, daraja R au RA ni gari lililowahi kugongwa likatengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa, XX ni iliyobadilishwa. Cheti cha kusafirisha huonyesha kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa Japani. Cheti kikisema 118,000 na dashibodi ikasoma 71,000, kilomita zimerudishwa. Baadhi ya yadi zitasema karatasi zimebaki Dar. Basi wazitume kwa WhatsApp, na wewe ulinganishe namba ya chesisi.

Nenda asubuhi na uguse boneti kabla halijawashwa. Ikiwa ya moto, waliwasha mapema ili usisikie injini baridi inavyoamka. Jaribio lisiishie kuzunguka yadi. Lipandishe mlima wa Bugando au Isamilo taratibu: gia boksi mbovu huteleza hapo, mlio wa injini unapanda na gari halisogei. Kisha likae kwenye foleni ya Buzuruga na kiyoyozi kimewashwa, uangalie joto. Mwisho toka nalo hadi Buhongwa uelekee Usagara, uachie usukani kidogo mahali palipo salama na uone kama linavuta upande. Soma tarehe ya tairi: tarakimu nne za mwisho, 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi nne za zamani ni sababu ya kweli ya kushusha bei, na hawezi kubisha kwa sababu imeandikwa kwenye mpira.

Mezani

Tumia namba zetu za mwanzo. Bei ya taslimu 25,000,000, uliipata siku ya kwanza na ukaomba waiandike kwenye proforma, yaani karatasi yao ya bei. Siku ya pili unakuja na IST. Tofauti halisi ni 15,500,000, lakini yadi lazima nayo ipate kitu kwenye gari lako, na wewe unaokoa wiki za kupigiwa simu na watu wanaotaka "kulijaribu kidogo". Kubali kupoteza laki tano hadi nane. Mwisho wako basi ni 16,300,000. Uandike kwenye simu kabla ya kuingia.

Anza na 15,200,000. Kupanda kwako kuwe kwa hatua zinazopungua: 15,600,000, kisha 15,800,000, kisha 15,900,000. Ukipanda laki tano kila mara, muuzaji anajua bado kuna laki tano nyingine nyuma. Akikuuliza, "Kaka, kwani gari lako unataka tulihesabu ngapi?" usimjibu kwa bei ya gari. Mwambie: "Hilo mtaliandika mnavyotaka. Mimi naongeza 15 na laki nane." Kisha nyamaza. Kimya kile ni kigumu, na wengi hukivunja wenyewe kwa kuongeza dau ambalo hawajaombwa.

Mkikwama kwa laki mbili tatu, acha kugombea hela, omba vitu: betri mpya, tairi mbili, sevisi ya kwanza. La maana zaidi ni usajili. Dai gari lisajiliwe moja kwa moja kwa jina lako. Yadi ikiwa imeshalisajili kwa jina lake, wewe ni mmiliki wa pili na uhamisho una gharama: ushuru wa stempu asilimia 1 ya thamani, ada 50,000 na kadi mpya 10,000. Kwa gari la 25,000,000 ni 310,000. Nani analipa hiyo? Liulizwe kabla ya kupeana mikono.

Januari ni mwezi mzuri wa kununua, wakati kila mtu analipa ada na yadi zimejaa. Msimu wa pamba ukifunguliwa na hela zikiingia kutoka vijijini, muuzaji hana haraka na wewe.

Ukipewa mpango wa kulipa kidogokidogo, zidisha hapohapo. Kianzio 12,000,000 na 1,300,000 kwa miezi 12 ni 27,600,000. Umelipa 2,600,000 juu ya bei ya taslimu, na kadi hukai nayo hadi umalize.

Karatasi

Usitoe kishika uchumba bila risiti inayotaja namba ya chesisi, nyongeza mliyokubaliana na tarehe ya mwisho, na sharti la kurudishiwa kama ukaguzi utafeli. Kwa gari lako, angalia kwanza madeni ya trafiki na ya maegesho ya TARURA kwa namba ya gari, ulipe, uchapishe. Deni la 60,000 likigunduliwa mezani hugeuka kuwa punguzo la laki mbili. Kadi iwe ya jina lako; kama bado inasoma jina la mwenyewe wa zamani, mtafute mapema, maana yadi itakata kwa usumbufu huo na ina haki.

Baadhi ya yadi zitakuomba usaini mkataba wa mauziano ukiwa na nafasi tupu upande wa mnunuzi, ili wakilipata mteja waandike jina lake moja kwa moja na wakwepe gharama ya uhamisho. Gari litakaa kwa jina lako miezi kadhaa likiendeshwa na usiowajua, na faini zitaendelea kuja kwako. Mkataba utaje jina la yadi kama mnunuzi, kilomita, tarehe na saa ya makabidhiano, usainiwe mbele ya wakili, na nakala moja ibaki kwako. Wakisema uhamisho utafanyika baadaye, shikilia laki tano ya nyongeza hadi uhamisho TRA ukamilike, na sharti hilo liandikwe humohumo. Funguo ya akiba uitoe siku hiyo hiyo utakapowalipa hiyo laki tano, siyo kabla.