Namna ya Kudhibiti Kumbukumbu Inayotumiwa na Celery kwenye Seva Ndogo

Programu ya wavuti iliyojengwa kwa Django, mfumo wa Python, inapokabidhi kazi za chinichini kwa Celery, programu inayozitekeleza kutoka kwenye foleni, kama kutuma barua pepe au kuandaa ripoti, mara nyingi ni kazi hizo, wala si kurasa zenyewe, zinazomaliza kumbukumbu (RAM) ya seva. Celery, isipoelekezwa vinginevyo, huzaa michakato mitoto kwa idadi ya viini vya prosesa, hata pale ambapo seva ina gigabaiti 1 tu.

Anza kwa kupima. Safu ya RSS, yaani kumbukumbu ambayo mchakato unaishikilia, katika amri ya ps huhesabu kumbukumbu ya pamoja upya kwa kila mchakato unaoishiriki, kwa hiyo jumla yake huzidi matumizi halisi. Soma PSS, yaani fungu la haki la kila mchakato, ndani ya /proc/PID/smaps_rollup, ukiweka namba ya mchakato mahali pa PID, kwa kuwa kipimo hicho hugawanya sehemu ya pamoja kwa wote wanaoitumia. Pima baada ya kuwasha, kisha baada ya kazi nzito kupita, na kipimo hicho cha pili ndicho kikuongoze kuchagua idadi ya watoto, kwa mfano --concurrency=2. Hakikisha pia kwamba DEBUG imezimwa, kwani ikiwa imewashwa Django huhifadhi kwenye kumbukumbu hoja (queries) zinazopelekwa kwenye hifadhidata.

Python mara nyingi hairudishi kwa mfumo kumbukumbu yote iliyokwisha kuiachia, hivyo mtoto aliyevimba kwa ripoti moja huweza kubaki hivyo siku nzima. Dawa yake ni --max-memory-per-child=200000, kikomo kinachohesabiwa kwa kilobaiti, ambacho mtoto akikipita hubadilishwa na mpya. Lakini Celery hukiangalia kazi inapomalizika, si inapoendelea. Kazi moja yenye pupa bado inaweza kuiangusha seva. Hapo rekebisha msimbo wenyewe: soma rekodi za hifadhidata kwa mafungu ukitumia iterator() ya Django, badala ya kuzibeba zote kwa pamoja.

Ukuta wa mwisho ni MemoryMax katika faili ya huduma ya systemd, programu ya Linux inayowasha na kusimamia huduma. Kikomo hicho kikipitwa, kiini cha Linux (kernel) huua mchakato, na kazi iliyokuwa mkononi hupotea, kwa sababu kwa kawaida Celery huithibitisha kwa foleni kuwa imepokelewa kabla ya kuianza. Kuwasha task_acks_late pamoja na task_reject_on_worker_lost huirudisha kwenye foleni, ila ninasisitiza kwamba ufanye hivyo kwa kazi zinazoweza kurudiwa bila madhara tu: malipo yasikatwe mara mbili, na kazi ambayo kila mara huzidi kikomo itazunguka bila kukoma.