Somo: Kubadilisha waya wa resi uliokatika, na kuhakikisha resi inarudi

Wakuu habari za muda huu. Leo tushughulike na waya wa resi, maana watu wengi wanasukuma pikipiki kisa waya umekatika wakati kazi yenyewe ni ya bisibisi, plaizi na spana ndogo. Ila niseme mapema, waya ukikatika pikipiki inaishiwa nguvu tu, unasogea pembeni yameisha. Waya uliofungwa vibaya ndio hatari, resi inaweza kukwama ikiwa juu. Kwa hiyo kila hatua hapa jiulize: resi itarudi yenyewe?

Nazungumzia pikipiki ndogo za kabureta yenye pistoni inayopanda na kushuka (siyo pistoni ya injini, ni ile ndogo ya ndani ya kabureta inayovutwa na waya wa resi), hizi za cc 100 mpaka 150 ambazo wengi tunazo.

Hatua ya 1. Nunua waya ukiwa na ule wa zamani mkononi. Linganisha urefu, halafu angalia vile vichwa vya risasi vya juu na chini. Ukiwa mfupi utavutika ukikata kona, ukiwa mrefu utajikunja chini ya tenki.

Hatua ya 2. Injini iwe imepoa, funga koki ya mafuta, na asiwepo mtu wa sigara karibu. Piga picha njia unayopita waya wa zamani. Mimi napenda zaidi kufunga kamba nyembamba kwenye ncha moja kabla sijauvuta, waya ukitoka kamba inabaki kwenye njia yake, halafu unaitumia kuvutia waya mpya. Bila hivyo kwenye pikipiki nyingi utalazimika kushusha tenki.

Hatua ya 3. Juu kwenye mkono wa resi fungua skrubu za kile kikopo kinachofunika waya, toa kichwa cha waya. Chini, safisha kwanza nje ya kabureta kwa brashi, chembe ya mchanga ikiangukia ndani utapata kazi nyingine kabisa. Fungua kifuniko cha juu, pistoni itatoka pamoja na springi na sindano. Bana springi kwa vidole, sogeza waya pembeni utoke kwenye nafasi yake. Kile kibanio kidogo kwenye sindano usikihamishe, kinapanga mafuta.

Hatua ya 4, na hapa tulia. Pitisha waya mpya kwenye kifuniko, kwenye springi, kisha ushike kwenye pistoni. Pistoni ina mfereji mrefu ubavuni, huo lazima ukae kwenye kipini kilichomo ndani ya kabureta, na ule upande uliokatwa kwa chini utazame eakilina (kichujio cha hewa). Ikikaa sawa inashuka yenyewe mpaka chini, unaisikia ikigonga. Isiposhuka usiibane na kifuniko, itoe uanze upya, kwa sababu pistoni iliyolazimishwa ndiyo hiyo inayokwama juu.

Hatua ya 5. Rudisha kule juu, kaza skrubu kwa kiasi maana chuma cha pale ni laini. Kwa adjasta (skrubu ya kurekebisha waya) acha ulegevu kidogo kabla waya haujaanza kuvuta, pikipiki nyingi zinataka milimita 2 mpaka 6 ukipimia ukingoni mwa mkono wa resi. Kaza nati yake.

Hatua ya 6. Injini ikiwa imezimwa, vuta resi na uachie, usukani ukiwa kushoto, katikati, kulia. Irudi haraka zote tatu. Kisha fungua koki, washa ikiwa nyutro, zungusha usukani mwisho hadi mwisho bila kugusa resi. Mngurumo ukipanda waya unavutwa mahali, rekebisha njia yake kabla hujapanda.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Fundi, nikikatikiwa njiani si naweza kufunga fundo tu nisogee?
Jibu: Fundo hapana kaka, likinasa kwenye ganda la waya resi inabaki wazi. Kuna vichwa vya kubana kwa skrubu, weka kimoja kwenye boksi la vifaa, kinakufikisha taratibu kwa fundi lakini siyo cha kudumu.

Swali: Yangu ina nyaya mbili, nifunge mmoja tu?
Jibu: Mmoja unavuta, mwingine unarudisha. Usiuache huo wa kurudisha hata kama pikipiki inatembea bila huo. Ziwekee alama kabla ya kutoa, na kama mmoja umechakaa badilisha zote.

Swali: Mkuu, nimeweka mpya ila resi bado nzito inarudi polepole.
Jibu: Toa waya kule juu uzungushe mkono wa resi peke yake. Ukiwa mzito, tatizo ni kutu au uchafu kwenye bomba la usukani, au mpira umesukumwa ndani mpaka unasugua kikopo. Ukiwa mwepesi, angalia waya umekunjwa wapi. Na msijaze grisi nzito ndani ya ganda, inashika vumbi.

Swali: Ikikwama juu nikiwa kwenye mwendo nafanyaje?
Jibu: Bana klachi, zima kwa swichi au ufunguo, halafu breki. Injini itapiga kelele sana ukibana klachi, usiogope ukaiachia.

Swali: Waya wangu unakatikia palepale juu kila nikibadilisha, shida ni ubora?
Jibu: Kabla hujalaumu waya, fungua uangalie plastiki ya mkono wa resi pale kichwa kinapokaa. Ikiwa imelika au ina ufa, kichwa hakizunguki, waya unapindwa sehemu ileile mpaka unyuzi mmojammoja unakatika. Badilisha hiyo plastiki, usiigundishe na gundi, na paka grisi kidogo kwenye tundu la kichwa tu.